Stopwachi niliiweka kando: mbio za mita 30 kwa simu na fito mbili

Napima mbio za wachezaji wangu wa mpira, na kila mtu hapa Kisumu ananiambia ninunue vesti za GPS, zile zenye kifaa cha kupima mwendo wa mchezaji, kana kwamba timu ya mtaani ina pesa ya kuchezea. Wengine wanasema GPS ya simu inatosha. Haitoshi. Kwa kawaida husoma mara moja tu kwa sekunde, na mchezaji akiwa amechanganya miguu ameshapita mita 8 kabla haijasoma tena.

Mimi natumia simu ile ile, ila kwa kamera: fremu (yaani picha) 240 kwa sekunde, stendi, na fito mbili za soko la Kibuye ambazo hazikunigharimu kitu cha maana. Fremu moja ni kama sekunde 0.004. Kidole kwenye stopwachi hakikaribii hapo.

Simu inakaa mita 10 kutoka mstari wa kukimbilia, mkabala na alama ya mita 15, na naigeuza kumfuata mchezaji bila stendi kuhama. Kinachowaangusha wengi ni fito. Wanazipanga mita 1 mbele ya mstari, upande wa kamera, sawasawa na alama ya 10 na ya 30. Kamera inaangalia kwa mshazari! Nyonga ikionekana kugusa fito ya 30, mwenyewe yuko 31.67. Kwa mwendo wa mita 8 kwa sekunde, umembambikia sekunde 0.2, na beki mzito anatofautiana na winga kwa hizo hizo. Kwa hiyo kila fito naisogeza kuelekea katikati, sehemu moja ya kumi ya umbali wa alama yake kutoka ile ya 15. Ya 30 inasimama 28.5, ya 10 inasimama 10.5.

Saa naianzisha mguu wa nyuma unapoinuka, kwa wote vivyo hivyo. Nahesabu fremu kwenye Kinovea, programu ya bure, kisha nagawa kwa 240: fremu 1,056 ni sekunde 4.40. Ukiona Kinovea inaonyesha sekunde 35.2, simu imehifadhi video kwa fremu 30 kwa sekunde, basi gawa hizo kwa 8.

Jua likizama picha zinakuwa giza, maana kila fremu inapata mwanga kidogo mno. Alasiri upepo wa ziwa unasukuma, kwa hiyo wote wakimbie upande mmoja.

Wawili wakimaliza kwa sekunde 4.40, tazama muda wao kwenye fito ya mita 10. Wa 1.75 anaondoka haraka. Wa 1.95 huyo mpe mazoezi ya kuanza, kwa sababu mbio anazo.