Kidonge cha Presha kwa Mtu Asiye na Presha

Jana jioni mfamasia kijana alinikabidhi vidonge vyangu vya presha, akaandika "1x1 usiku" juu ya bahasha, kisha akaniambia nisiinuke kitandani kwa ghafla. Nilimshukuru nikatoka, na daladala mbili za kwetu zikanipita nikiwa nimesimama kituoni. Maneno yale niliyasikia kwa mara ya kwanza mwaka 2013, akiambiwa Baba.

Baba alirudi kutoka Vita vya Kagera mwaka 1979 akiwa na viungo vyake vyote, jambo lililotosha kwa miaka mingi kuwafanya watu wamwite mwenye bahati. Ugonjwa wake, wa kiwewe kinachobaki baada ya vita (PTSD), uliingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka uliofuata, lakini kwetu haukuwa na jina. Ilisemwa tu kwamba Mzee halali vizuri. Dawa yake ilikuwa valiamu, kidonge cha kutuliza na kuleta usingizi, aliyoinunua dukani bila cheti, na Mama alikwisha kujifunza kwamba haamshwi kwa kushikwa, bali unasimama mlangoni na kumwita kwa jina lake la utotoni.

Daktari tuliyempata hatimaye alikuwa wa kwanza kumuuliza alikuwa kikosi gani. Hakumnyang'anya valiamu siku hiyo, kwa kuwa mwili ulioizoea kwa miaka ukiikosa ghafla unaweza kupata degedege. Aliipunguza kidogo kidogo, akamwanzishia sertralini, dawa ya sonona na wasiwasi, na akatuonya kwamba tusitarajie kitu kabla ya wiki kadhaa. Mchana ukali wa Baba ulipungua, akaanza hata kukaa barazani akiwapa mgongo wapita njia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Usiku ulibaki vilevile. Ndipo akaandikiwa prazosini, dawa ya presha ambayo madaktari wa wanajeshi wa zamani huko Seattle walikuwa wakiitumia kutuliza majinamizi, kwa kuwa inazuia kazi ya homoni inayoushtua ubongo usingizini. Jinsi tulivyoitafuta Dar es Salaam ni hadithi ya ndugu wawili na basi moja, sitaisimulia.

"Mimi sina presha," Baba alisema, akikitazama kidonge kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Agizo lilikuwa kwamba aanze na miligramu 1 akiwa tayari kitandani, kwa sababu kipimo cha kwanza kinaweza kuishusha presha hadi mtu azirai, na kwamba akihitaji kuinuka akae kwanza ukingoni. Niliazima mashine ya kupimia. Kabla ya kumeza ilisoma 138 kwa 84. Saa nane za usiku alitaka kwenda msalani, nami niliyekuwa nikisinzia kitini nikapima tena: 102 kwa 60.

"Baba, kaa kwanza."

Akakaa. Nyayo zake zilikuwa juu ya sakafu ya saruji, vidole vikijikunja na kukunjuka, na mkono wa kushoto bado umevishwa mkanda wa mashine, ambao nilisahau kuutoa.

"Nikae mpaka lini?"

"Dakika tano." Nilizibuni, daktari hakutaja dakika.

Nadhani alisema kwa sababu dakika tano ni nyingi kwa mtu asiyeruhusiwa kusimama. Alisema kwamba haoti mizinga, kama tulivyodhani sote. Huota jiko moja karibu na Mto Kagera, walilolikuta baada ya majeshi ya Amin kuondoka: beseni la ndizi, nyingine zimemenywa na kuwa nyeusi, nyingine bado, na kisu kimenasa katika ndizi iliyomenywa hadi katikati. Katika ndoto yeye huketi akaendelea kumenya, na kila anapoikaribia ya mwisho humsikia mwenye jiko akirudi.

"Akirudi inakuwaje?"

Akautazama mkanda mkononi. "Dakika tano hazijaisha?"

Nikamshika kiwiko, tukaenda msalani.

Kipimo kilipandishwa polepole, na kila kilipopandishwa tulikaa tena ukingoni. Mara nyingine alisema, mara nyingine alihesabu mabati. Kelele zake za usingizini zilipungua kutoka kila usiku hadi mara moja kwa wiki, kisha chini ya hapo, na Mama akarudi kulala chumbani kwake. Baba alifariki mwaka 2017 kwa maradhi mengine.

Mwaka 2018 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani, uliowapa wanajeshi wa zamani 304 ama prazosini ama kidonge kisicho na dawa, na kwa upande wa majinamizi tofauti haikuonekana. Niliyasoma mara mbili, kwa hasira ya mtu aliyeambiwa kwamba shahidi wake ni mwongo. Watafiti wenyewe walieleza kwamba huenda waliwachagua watu ambao hali zao zilikwisha tulia, nami niliyashika maelezo hayo kwa mikono miwili, kisha nikayaachia, maana Baba hakuwa na wa kulinganishwa naye, na mimi sikuwahi kukaa naye usiku hata mmoja kabla ya kile kidonge.

Niliwahi kumuuliza Mama iwapo ilikuwa dawa au yalikuwa maongezi. Alijibu bila kusita kwamba ilikuwa dawa, kwani maongezi yenyewe hakuwahi kuyasikia.