Siku moja maishani mwangu: mtunza mikanda ya wapanda mapaa, Mwanza

Saa 11 alfajiri. Mvua ya ziwani imenyesha tangu usiku wa manane na bado inadondoka juu ya bati hapa Igoma. Kwa wengine huo ni usingizi mtamu. Kwangu maana yake ni kwamba mapaa yote ya mjini yatakuwa na utelezi mpaka jua liyakaushe, na ratiba ya leo imeshasogea kabla sijaoga.

Mtaani wananiita dobi wa mikanda. Ni kweli naifua, lakini kufua ndiyo sehemu nyepesi. Natunza vifaa vinavyomzuia mtu asifike chini akiteleza juu ya paa: mikanda ya mwili mzima, kamba zenye kipunguza mshtuko, ndoano, waya zilizolazwa juu ya mapaa na vishikio vya chuma vinavyozishika waya hizo. Baada ya kufua nakagua, na baada ya kukagua mimi ndiye nasema hiki kivaliwe, hiki kisivaliwe tena. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo watu hawaioni, na ndiyo inayonichosha.

Saa 1 asubuhi, karakana, Nyakato. Mikanda iliyorudi jana imejaa matope, rangi na jasho. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, brashi ya nyuzi laini, suuza mpaka povu liishe, kisha tundika kivulini penye upepo. Juani hapana kabisa. Hapa tuko karibu na mstari wa ikweta, jua letu ni kali, na miale yake huila nailoni taratibu bila kelele. Mkanda ulioachwa juani miezi mingi hupauka na kukakamaa, na hata kabla haujapauka nguvu imeshapungua. Karibu na stoo yetu ya mikanda haturuhusu betri za magari, petroli wala tina.

Saa 3 na nusu nikawa juu ya paa la hoteli mjini. Ukiwa pale unaliona Jiwe la Bismarck na kivuko cha Kamanga kikijaza watu, lakini macho yangu yalikuwa chini kwenye kinyesi cha korongo. Wale ndege wakubwa wenye mfuko shingoni hutua hapohapo kwenye vishikio, na kinyesi chao kikikaa kinakula chuma. Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo kutu ya hapa mara nyingi ina chanzo unachoweza kukiondoa kwa maji na brashi, ukija mapema. Niliosha, nikakaza nati, nikapitisha kitambaa cha pamba juu ya waya wote taratibu. Kama kuna uzi wa waya uliokatika, kitambaa kinanasa kabla jicho halijaona. Hakikunasa. Nikaandika kwenye daftari, nikashuka.

Saa 5 na robo nikafika kiwandani, kiwanda kimoja cha samaki. Hapo ndipo siku ilipokwama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Leo usitucheleweshe, vijana wangu wanatakiwa juu kabla ya saa saba. Mfereji wa maji ya mvua umetoboka."

Mzee ndiye msimamizi wa matengenezo, mtu wa heshima, amefanya kazi hapo tangu mimi niko shuleni. Akanifungulia kabati. Mikanda ilikuwa myeupe kabisa, na kabla sijaigusa harufu ikanifikia.

"Mzee, hii imefuliwa na nini?"

"Dawa ileile tunayosafishia sakafu. Si unaona ilivyong'aa?"

Klorini. Kwa sakafu ya kiwanda cha samaki ni sawa na ni lazima. Kwa nailoni ni sumu. Nikauchukua mkanda wa kwanza, nikaukunja utepe wake kwa mikono miwili mpaka mgongo wa utepe ukatokeza juu, ndivyo tunavyokagua, kipande baada ya kipande. Nyuzi zikasimama kama nywele za mahindi. Nikasogea mbele kiganja kimoja, nikakunja tena, zikasimama tena. Lebo haikuwa na namba wala mwaka, maandishi yote yalikuwa yamefutika. Mkanda usio na namba siwezi kujua umetoka wapi wala umepitia nini.

Mkanda wa pili ulikuwa vilevile, na kamba yake ilikuwa mbaya zaidi. Kipunguza mshtuko ni utepe uliokunjwa na kushonwa ndani ya kifuko. Mtu akianguka, mishono inachanika kwa zamu na kuila nguvu ya anguko, ili mwili usipate kishindo kizima. Kiwango cha Ulaya kinataka kishindo hicho kisizidi kilonyutoni 6, ambacho ni sawa na kubebeshwa kilo 600 hivi kwa kufumba na kufumbua. Mishono ikishachanika, kazi yake imekwisha. Nikafungua kifuko. Mishono ilikuwa imeachia upana wa vidole viwili.

"Kuna mtu alianguka na hii?"

Kimya. Kijana mmoja mwenye ovaroli ya bluu akasema kwa sauti ya chini kwamba mwezi uliopita waliitumia kupandishia mota.

Nikamwambia mzee kwamba mikanda miwili na kamba hii haviwezi kupanda leo wala siku nyingine. Basi akakasirika. Kwamba mkanda haujamaliza hata mwaka. Kwamba sisi mafundi wa mjini tunatafuta pa kuuzia vitu vipya. Nilijibu kwa adabu kwamba mimi siuzi mkanda hata mmoja, nakagua tu. Akasema basi vijana wafunge kamba ya kawaida kiunoni kama walivyofanya wazee wao. Nikamweleza kwamba kamba ya kiunoni humkata mtu mbavu na maini hata ikimzuia. Akapiga simu ofisini kwetu. Simu haikupokelewa. Akapiga tena. Tukasimama juani, mimi na mkanda mkononi, vijana wakisubiri kivulini, njaa imeshanikamata.

Yule wa ovaroli ya bluu akanisogelea.

"Fundi, samahani. Ule ninaovaaga mimi ni upi?"

Nikamwonyesha. Nikampa aukunje mwenyewe, aone. Aliutazama muda mrefu, halafu akaniuliza kama ungemshika. Nikamwambia ukweli: siwezi kujua, na kwa sababu siwezi kujua, usiuvae.

Nikawapeleka yeye na mzee mahali mfereji ulipotoboka. Kutoka ukingo wa paa mpaka zege ni kama mita 5. Kamba ya mita 2, mishono ikichanika inaongeza karibu mita 1.75, kimo cha mtu chini ya mahali kamba inaposhika mgongoni ni mita 1.5, na lazima ibaki mita 1 ya tahadhari. Jumla ni mita 6 na ushee. Hata kijana angevaa vifaa vipya kabisa, angefika kwenye zege kabla kamba haijamaliza kazi. Pale panahitaji lile boksi la waya unaojirudisha, lililofungwa juu ya kichwa: ukiuvuta polepole unakuja, ukiuvuta ghafla unakamata hapohapo. Au kamba fupi isiyomruhusu kabisa kufika ukingoni. Mzee alisikiliza hesabu ile na kwa mara ya kwanza hakunikatiza.

Simu ikapokelewa. Bosi wangu alimwambia kwa upole kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na kwamba akitaka kuipandisha mikanda hiyo, aweke sahihi yake chini ya ripoti yangu inayoikataa. Mzee hakuweka. Alisaini karatasi nyingine, ile ya kuruhusu viharibiwe, nami nikavikata kwa mkasi mbele yake, mabegani na mapajani. Ukiutupa mkanda mbovu ukiwa mzima, kesho kutwa kuna mtu ameuokota jalalani na kupanda nao.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Nilikula ugali na dagaa kwa mama ntilie wa getini, nikarudi juu kukagua waya wa paa kubwa, bati linawaka mpaka linapenya soli za buti, magoti yananiuma kwa kutambaa kutoka kishikio kimoja hadi kingine. Kishikio kimoja kilicheza nilipokitikisa. Nikakifunga utepe mwekundu na kumwandikia mzee. Safari hii hakuuliza kitu, akasema tu, "Sawa fundi, nimekuelewa," na mfereji ukaahirishwa mpaka boksi la waya lipatikane.

Daladala ya kurudi ilijaa nikasimama njia nzima. Nyumbani nikaandika ripoti kwa taa, vipimo vyote, sababu zote, ili atakayeisoma asilazimike kuniamini mimi tu.

Nikiwa namaliza, namba nisiyoijua ikapiga. Yule kijana wa ovaroli ya bluu. Jumamosi ana kibarua cha kupaua nyumba Buswelu, na mwenye kazi amempa mkanda wa zamani. Ameukunja kama nilivyomwonyesha, ameona nyuzi mbili tatu zimesimama karibu na pete ya mgongoni, hajui kama ni nyingi au chache. Nikamwambia asiuvae. Auleteshe au auchukue mwenyewe, aje nao karakanani kesho; saa moja nitakuwa nimeshafungua, na kuukagua simtozi kitu.