Waliofunzwa Pamoja Waende Pamoja

Ninaishi Lanet, hapa Nakuru, karibu na kambi ya jeshi, ambako ni nadra kupata ploti isiyo na mpangaji mmoja ambaye mumewe yuko kazini mbali. Jirani yangu, mke wa sajini, alikuwa ametundika kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, akawa anazikata siku kwa kalamu nyekundu. Tarehe ya mumewe kurudi ilipoahirishwa mara ya pili, aliacha kukata. Tangu hapo nimefuatilia kwa makini jinsi majeshi yanavyojaza vikosi vyao na kupanga zamu.

Mfano ulio wazi ni wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Katika vita vya Vietnam, askari alipelekwa peke yake kuziba nafasi ya mwenzake, akahudumu miezi 12, kisha akaondoka peke yake, huku kikosi kikibaki vitani. Maofisa wengi waliongoza kombania kwa miezi sita tu. Kwa hiyo katika platuni moja ungemkuta aliyebakiza wiki mbili, asiyetaka tena kujihatarisha, amelala kando ya mgeni ambaye hata jina lake hajalishika. Ujuzi wa njia na wa mbinu za adui uliondoka nao, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2006, chini ya Jenerali Peter Schoomaker, aliyekuwa mkuu wake, jeshi hilo lilianzisha mzunguko wa hatua tatu: kikosi kirudi, kipumzike na kujazwa watu na vifaa; kifanye mazoezi pamoja; kisha kikae tayari kutumwa. Lengo kwa askari wa kudumu lilikuwa mwaka mmoja nje, miaka miwili nyumbani. Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo iliyoushinda mpango wenyewe, kwa sababu kila brigedi, yaani kikosi cha askari elfu kadhaa, iliyo vitani hudai nyingine mbili nyumbani. Askari walipoongezwa Iraq mwaka 2007, brigedi hazikutosha, zamu ikarefushwa hadi miezi 15, na ikarudishwa 12 mwaka uliofuata.

Wapo wanaopinga kuwaweka watu pamoja katika kikosi kimoja tangu mazoezi hadi kurudi, wakisema kozi na vyeo huchelewa, na kwamba wote wakimaliza muda kwa pamoja kikosi hubaki tupu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, naona ni heri kikosi kiwe tupu kambini, ambako kinaweza kujazwa kwa utulivu, kuliko kujazwa wageni kikiwa mbele ya adui.

Askari wa Kenya wamekuwa Somalia tangu Oktoba 2011. Ningependa kila mpango wa zamu zao uanze kwa kuhesabu vikosi vilivyopo kabla ya kuahidi kazi, na tarehe ya kurudi ilindwe sawasawa na ya kuondoka. Sajini yule aliporudi, bintiye wa miaka mitatu alijificha nyuma ya mlango ule ule wa kalenda, na ilichukua siku nne kabla hajakubali kula naye sahani moja.