Bibi, kinundu na mwanya

Seti ya kwanza ya meno ya bandia niliyompangia bibi mmoja wa Kongwa niliipanga kwa mazoea: meno ya mbele juu kabisa ya ukingo wa fizi. Kwenye plasta, ile nakala ya fizi zake, yalipendeza. Nilipomjaribishia kliniki hapa Dodoma mjini, mdomo wa juu ukadumbukia ndani, na kila akisema "fedha" inatoka hewa tupu. Mdomo wa chini ulikuwa unayatafuta meno na kuyakosa.

"Mwanangu, haya ni meno ya nani?" akaniuliza.

Nilirudi mezani na rula. Meno yakishang'oka, fizi ya juu huliwa zaidi upande wa nje, kwa hiyo ukingo unarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Bibi alikaa kibogoyo zaidi ya miaka kumi. Mimi nikaufuata ukingo huko huko ulikokimbilia. Kisichohama sana ni kile kinundu kidogo cha kaakaa, nyuma ya meno mawili ya mbele. Kwa mwenye meno yake, kutoka katikati ya kinundu hadi uso wa nje wa meno hayo ni kama milimita 8 hadi 10. Nilichopanga mimi kilikuwa na 4!

Shida ni kwamba ukiweka bamba la nta la kupangia meno juu ya plasta, kinundu kinafichwa. Nikalitoa, nikapiga penseli mstari wa kukatisha katikati ya kinundu, nikaushusha hadi kwenye ubavu wa plasta ili nione nikiwa kazini. Ncha za chonge nikaziweka karibu na mstari huo, meno ya mbele nikayasogeza hadi 9.

Lakini rula inakupa pa kuanzia tu. Siku ya pili nilimwambia aseme "vumbi", "fimbo", "fufua", nikiangalia makali ya meno yanagusa wapi. Yanatakiwa kugusa kidogo tu, pale unyevu wa mdomo wa chini unapokutana na ukavu. Yalizidi urefu kidogo, nikayapandisha. "Sitini na sita" ikatoka safi, bila meno kugongana. Mjukuu wake alitaka yaonekane zaidi, kama ya watangazaji wa televisheni; nikamwambia kwa umri wa bibi hapana.

Bibi akashika kioo, akakaa kimya muda mrefu.

"Na mwanya wangu?"

Sikuwa nimeuliza. Nikawasha taa ya spiriti, nikapasha kisu.