Unga wa njano na rangi inayodanganya

Titani dioksidi ni kichocheo kinachotumia nguvu ya mwanga kuvunja uchafu, lakini ni nyeupe, na weupe huo ndio kasoro yake. Pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa ambayo mwanga lazima uwe nayo ili kuirusha elektroni, ni elektronivolti 3.2 kwa anatase, aina mojawapo ya fuwele zake. Gawanya 1240 (namba ya kubadili elektronivolti kuwa nanometa za wimbi) kwa 3.2, unapata nanometa 388 hivi. Mwanga wenye wimbi refu zaidi ya hapo haukifanyii kichocheo lolote. Kinachobaki ni urujuanimno, ambao ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayofika ardhini.

Wengi hutia nitrojeni kwenye titani hiyo, unga ukageuka njano, wakashangilia. Tatizo ni kwamba ngazi za nishati za nitrojeni hukaa juu kidogo ya bendi ya chini, ambako elektroni hukaa kabla ya mwanga kuzirusha, kwa hiyo tundu linaloachwa na elektroni huwa dhaifu zaidi kuoksidisha, na mara nyingi hunaswa papo hapo. Mwanga umemezwa, kazi haikufanyika.

Kwa anayeanza, bora kuiacha titani na kuchoma urea ili kupata kichocheo kingine, kaboni nitridi. Gramu 10 ziweke kwenye bakuli la alumina (kauri inayostahimili joto) lenye kifuniko, pandisha joto nyuzi 5 kwa dakika hadi 550, kisha shikilia saa 3. Amonia hutoka kwa wingi, kwa hiyo tanuri liwe chini ya kivuta hewa. Usiposahau kifuniko bado utabaki na chini ya gramu moja. Ukikisahau, mvuke wa vitu vinavyotokea katikati ya safari huondoka na bakuli hubaki karibu tupu. Melamini, malighafi nyingine, hukupa unga mwingi zaidi kwa uzito uleule, lakini ulioshikamana, wenye eneo dogo la uso. Ukivuka 600, unga unaanza kujila, yaani kuvunjika na kupotea kama gesi. Ukifanikiwa una kaboni nitridi ya njano hafifu: pengo 2.7, mwanga hadi nanometa 460.

Kupima kama unga unafanya kazi ndiko watu wanakopotea. Kawaida ni miligramu 50 za unga ndani ya mililita 100 za maji yenye methilini bluu, rangi ya buluu, miligramu 10 kwa lita. Koroga gizani dakika 30 kwanza, la sivyo rangi inayonata kwenye unga utaihesabu kama iliyovunjwa. Washa taa yenye kichujio kinachozuia mwanga ulio chini ya nanometa 420, chota mililita 3 kila dakika 15, zungusha kwenye sentrifyuji ili unga utuame, kisha soma kiasi cha mwanga kinachomezwa kwenye nanometa 664.

Sasa rudia kila kitu kwa titani nyeupe ya kawaida, taa ileile, kichujio kilekile. Bluu itafifia pia! Rangi yenyewe humeza mwanga na kuirushia titani elektroni, hivyo inajivunja. Ndiyo maana jaribio la maana hutumia kitu kisicho na rangi, kama fenoli, na pia chupa moja yenye mwanga bila unga. Kisha badilisha vichujio, 400, 420, 450, 500, ugawanye kasi ya uvunjaji kwa kila kimoja kwa fotoni (chembe za mwanga) zilizoingia. Mstari wa kasi ukianguka kwenye 420 huku ule wa umezaji ukiendelea hadi 500, rudi kwenye tanuri.