Neno "Ndiyo" Pembeni mwa Ukurasa

Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo.

Mfano wa Msamaria Mwema tumeusikia mara nyingi, hata masikio yetu huufikia mwisho kabla ya msomaji. Wiki hii naomba tuusome katika Biblia iliyokuwa nyumbani kwa Józef na Wiktoria Ulma, wakulima wa kijiji cha Markowa, kusini-mashariki mwa Poland. Kichwa cha habari hiyo kimepigiwa mstari, na pembeni limeandikwa neno moja la Kipolandi, "tak", yaani "ndiyo". Yamepigiwa mstari pia maneno ya Mathayo 5:46: "Maana mkiwapenda wanaowapenda ninyi, mwapata thawabu gani?"

Wajerumani walioikalia Poland walikuwa wameweka adhabu ya kifo kwa yeyote atakayemficha Myahudi. Hata hivyo, akina Ulma waliwapokea Wayahudi 8: Saul Goldman na wanawe wanne, Gołda Grünfeld, na Lea Didner pamoja na binti yake mdogo. Józef alipanda miti ya matunda, alifuga nyuki na alipenda sana kupiga picha; nayataja haya tusije tukadhani kwamba walioweza jambo hili walikuwa watu wa namna nyingine.

Ninapoitafakari "ndiyo" ile, siku ya kwanza hainishangazi kama zile zilizofuata. Nyumba ndogo yenye watoto wengi ilihitaji sasa unga, maji na kuni za watu 8 zaidi, bila jirani kuuliza chakula chote hicho ni cha nani. Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaendelea na safari yake. Akina Ulma walikaa na wageni wao kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Alfajiri ya tarehe 24 Machi 1944, polisi wa Kijerumani waliizingira nyumba. Waliwaua kwanza Wayahudi, kisha Józef na Wiktoria, aliyekuwa mjamzito, na hatimaye watoto wao 6, ambao mkubwa wao, Stanisława, alikuwa na umri wa miaka 7.

Wako wanaouliza kama mzazi ana haki ya kuwaingiza watoto wake katika hatari kama ile. Swali hilo silidharau, wala sina jibu la haraka. Nakumbuka tu kwamba Lea naye alikuwa mzazi.

Tarehe 10 Septemba 2023 Kanisa liliitangaza familia nzima kuwa wenye heri, pamoja na mtoto wa saba ambaye hakuwahi kupewa jina. Lakini siku ile ya mauaji, nyumba nyingine za Markowa zilikuwa bado na Wayahudi ndani, na wenyeji wake sasa walikuwa wamejionea yaliyowapata akina Ulma. Vita vilipokwisha, Wayahudi wapatao 20 walitoka hai katika nyumba hizo.