Ninavyopanga dozi za haidrokotizoni kwenye joto la Dar

Saa 12 asubuhi, kabla ya chai, nameza haidrokotizoni miligramu 10, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, homoni ambayo mwili wangu hauitengenezi. Saa 6 mchana 5, saa 10 jioni 5 nyingine. Ndivyo mwili wenyewe ulivyozoea: tezi za adrenali, zile mbili zinazokaa juu ya figo, hutoa kotisoli nyingi alfajiri, kisha hupunguza. Dozi ya mwisho ukiisogeza mpaka saa 2 usiku, usingizi unapaa. Nina ugonjwa wa Addison, tezi hazitoi tena, kwa hiyo asubuhi naongeza fludrokotizoni maikrogramu 100 ili chumvi isipotee kwenye mkojo. Dozi yako atakupangia daktari wako.

Chumvi ndiyo hesabu ngumu hapa Dar. Januari na Februari jasho linatoka hata umekaa kivulini. Dalili yangu ya kwanza kwamba chumvi imepungua ni hamu ya embe mbichi la chumvi na pilipili. Ya pili ni kizunguzungu nikiinuka kwenye kiti cha daladala. Hapo napima presha nimelala, nasimama dakika 3, napima tena. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, nampigia daktari. Fludrokotizoni huongezwa naye, sijiongezei.

Mwili ukiugua huhitaji kotisoli zaidi: homa ikivuka nyuzi 38, haidrokotizoni ni mara mbili. Ikivuka 39, mara tatu, mpaka homa iishe. Nikitapika ndani ya nusu saa, narudia kidonge. Nikitapika tena, vidonge basi, ni sindano: kichupa cha unga cha miligramu 100, maji ya sindano mililita 2, nakizungusha taratibu mpaka maji yawe angavu yanayopitisha mwanga, navuta yote, nachoma msuli wa paja upande wa nje. Kisha hospitali, bila kusubiri nione kama nitapata nafuu. Kosa linaloua ni kungoja majibu ya malaria kwanza wakati presha na sukari zinashuka. Haidrokotizoni na dripu ya maji ya chumvi zianze, vipimo vifuate.

Anayeanza dawa za kifua kikuu amwambie daktari mapema: rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hufanya ini livunje kotisoli haraka, na dozi ya jana haitoshi tena.

Nawaomba sana wanaomeza vidonge vya kunenepa vyenye deksamethasoni, dawa ya jamii moja na haidrokotizoni: msiviache ghafla. Tezi zenu zimelala kwa sababu ya dawa hiyo na haziamki kwa siku moja. Sisi wa Addison ufizi na mistari ya viganja huwa myeusi, lakini ninyi rangi haibadiliki, ndiyo maana uchovu wenu huitwa malaria miezi na miezi. Ombeni kipimo cha kotisoli, damu itolewe saa 2 hadi saa 3 asubuhi. Ikitolewa mchana, kotisoli ndogo huenda ni kawaida ya saa hiyo tu.